Siku Mama Alipoziona Mvi Zangu

Kwa miaka sita mtoto wa jicho alimzibia mama yangu dunia, akawa anatujua kwa sauti tu. Asubuhi ile baada ya upasuaji, hospitalini Msambweni, muuguzi alipombandua bendeji, nilisogea mbele yake. Mama alipepesa macho, akanitazama sana, akashtuka.

“Wewe ni nani?”

“Ni mimi mwanao, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Sauti ni yake, lakini mwanangu hana mvi!”

Wodi nzima iliangua kicheko. Nilimwinamishia kichwa, naye akazipapasa mvi zangu, akicheka huku machozi yakimtoka.

“Alhamdulillahi! Kumbe tumezeeka sote!”

Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani Diani, alisoma kila kibao cha barabarani kwa sauti kubwa, nami nilimwitikia kila neno.