Uyoga wa portabella ulivyomrudisha baba yangu kwenye sahani

Wakuu, salamu kutoka mji wa Wote. Nawaambia ilivyokuwa, na pale nilipojiaibisha sitaficha.

Baba yangu ni mfanyabiashara wa mifugo kule Tseikuru. Maisha yake yote ni mbuzi: kununua, kuuza na kula. Mwaka jana presha ikapanda. Daktari akampa dawa, akamwambia apunguze nyama na chumvi.

Mzee hakubishana. Aliacha tu kula.

Ukimwekea muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, anaonja vijiko viwili anasukuma sahani. "Hii ni chakula ya hospitali," anasema. Siku niliyoona ametoboa mshipi wake tundu jipya kwa msumari, nilitoka nje nikalia. Niliogopa njaa itamwondoa kabla ya presha.

Hapa Wote kuna mama wa kanisani kwetu anayekuza portabella, ule uyoga mkubwa wa kahawia. Akaniambia ladha yake ni nzito, inakaribia nyama, na hauhitaji chumvi nyingi.

Shule zilipofungwa (mimi ni mwalimu) nikabeba kilo mbili hadi Tseikuru, nikizilinda kama mayai. Nilikuwa nimeangalia video kwa simu, nikajiona mpishi.

Asubuhi nikaamka, nikapata Mama ameukatakata wote na kuuanika juani kwenye ungo, kando ya majani ya kunde.

Wakuu, nilifoka. Nilimwambia mama yangu mzazi ameharibu chakula cha mgonjwa.

"Sasa ulitaka ioze? Friji iko wapi hapa?" akasema, huku akigeuza vipande. "Mimi nimekausha mboga kabla uzaliwe."

Nikanuna siku mbili nzima. Mtu mzima na digrii yake.

Siku ya tatu akaloweka vipande, akakaanga na vitunguu na nyanya, akatia ndengu, na yale maji ya kulowekea akayamwaga humo humo. Chumvi ilikuwa ya kubana kwa vidole viwili. Harufu ikamfikia Baba chumbani.

Akatoka mwenyewe. "Nani amechinja?"

Mama akampakulia. Akakaa, akala, akapangusa sahani kwa ugali, akaitisha ingine. Mama akakimbilia jikoni na nikajua anaenda kufuta machozi. Mungu ni mwema, jamani.

Kliniki iliyofuata tulienda sote. Mtaalamu wa lishe akatueleza kwamba portabella una potasiamu, ambayo husaidia wengi wenye presha, una vitamini za B na nyuzinyuzi, na mafuta ni kidogo sana. Protini iko lakini haifikii ya nyama, kwa hivyo zile ndengu za Mama zilikuwa sawa kabisa. Wenye shida ya figo waulize daktari kwanza, kwa sababu ya hiyo potasiamu.

Halafu akauliza, "Na mliuanika juani? Nani aliwafundisha?" Kumbe uyoga ukipigwa na jua hutengeneza vitamini D, ya mifupa.

Mama alikuwa anaangalia dari. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Nilimwomba Mama msamaha pale pale kwenye benchi. "Mwaitu, mama yangu, nisamehe." Akanipiga kofi dogo la goti, akasema nipunguze video.

Baba bado anameza dawa kila siku, msije mkasema uyoga umemponya. Na tafadhali msiokote wa porini kama hamuujui. Lakini anakula, amerudi sokoni kubishana bei, na lile tundu jipya la mshipi halitumiki tena.

Nilichojifunza ni kwamba mimi nilileta chakula, lakini aliyejua cha kukifanyia alikuwa nyumbani tayari. Asante Mama, asante mama wa kanisani.

Wenye wazazi walioambiwa wapunguze chumvi, mnawapikia nini huko kwenu? Andikeni, nasoma zote.

Kwa sasa nakimbia kwa yule mama wa uyoga. Baba amenipigia asubuhi hii: "Ile mbuzi yako ya Wote imeisha."