Mke wa Tamthilia Amebadilishwa

Jumamosi nilikuwa saluni Rosettenville nikisukwa rasta nyekundu. Televisheni ilikuwa kwenye ile tamthilia ya jini linaloishi ndani ya lifti ya ghorofa. Ghafla msusi wangu, mama wa Lubumbashi, akasimamisha vidole kichwani mwangu.

"Huyu si bibi yake ya juma ilipita," akasema. "Ule alikuwa murefu."

Kweli, mke wa shujaa alikuwa mwigizaji mwingine kabisa. Hakuna aliyetoa maelezo, na mume alikuwa anakunywa chai yake kama kawaida.

Dada mmoja wa Tanga akachomoa kichwa kwenye draya. "Mama, jini limepita ukutani umenyamaza, unashtukia mke?"

"Jini, kupita kwa ukuta ni kazi yake. Bwana, kazi yake ni kujua bibi yake."

"Mimi linaniudhi jini lenyewe. Kwetu jini hudai ubani na marashi. Hili limeagiza piza, tena ya jibini."

Tulicheka mpaka ikabidi msuko mmoja ufumuliwe.

Nilirudi nyumbani na rasta zangu nyekundu hadi kiunoni, nikamkuta mume wangu kwenye kochi akiangalia marudio ya tamthilia ileile. Nikakaa karibu yake. Akanigeukia, akanitazama usoni.

"Hivi huyu mwanaume ni kipofu?" akauliza. "Mke si yule, na yeye haoni."

Nikamwambia asimlaumu, wako wengi. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akasogeza kikombe nimwongezee chai.