Hatua Mia Mbili na Kumi

Saa mbili asubuhi, Mzee Taratibu anaupita mlango wa hospitali, anaupita mstari wa njano ulio mtupu, anakata kona na kuegesha teksi yake penye kibao cha maegesho. Anavuta breki ya mkono, kisha anazunguka kumfungulia mkewe.

"Haya bibie, tumefika."

"Tumefika wapi, na mlango uko kule!" mkewe anacheka, akitoa kwanza ule mguu mzima.

Dereva huyu ana miaka ishirini na sita kwenye usukani, na zamani hakuna aliyemwita Taratibu. Mwaka jana mkewe alipopatwa na kiharusi, mzee alikuwa akisimama mlangoni kabisa, kwenye ule mstari wa njano, anawasha taa za dharura na kumpeleka ndani kwa mazoezi.

"Nilidhani ukiwasha zile taa umeruhusiwa. Madereva wengi tunajidanganya hivyo."

Siku moja alitoka akakuta gari la wagonjwa limekwama nyuma ya teksi yake. Wauguzi walikuwa wakikimbia na mtoto mikononi.

"Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini aibu ile haijanitoka. Pale unashusha abiria unaondoka, basi. Dereva haachi gari."

Sasa angemshusha mkewe amwache na nani? Hawezi kusimama peke yake. Mkewe ndiye aliyekata shauri: "Nipeleke hukohuko unakoegesha. Nitatembea."

Ni hatua mia mbili na kumi. Wiki ya kwanza alitembea ishirini, zilizobaki akabebwa mgongoni, watu wakitazama.

Wiki ya pili wakakuta kiti kwenye hatua ya tisini. Alikiweka askari wa maegesho, binti aliyemfokea mzee siku ile ya gari la wagonjwa.

"Kumfokea ilikuwa kazi yangu," anasema binti huyo. "Lakini mama wa watu kakosa nini? Kiti ni changu, mimi nasimama tu."

Miezi minne mama amekuwa akipumzika hapo. Leo anakifikia kiti, anahema, anashika egemeo lake. Mumewe tayari ameinama kumkalisha.

"Kalia wewe, mwanangu," mama anamwambia askari. "Umesimama tangu asubuhi."

Anakipita. Macho ya Mzee Taratibu yanajaa machozi, wala hayafichi.

"Siku atakayofika mlangoni kwa miguu yake, nitapiga honi mji mzima usikie!"

"Hapa honi imekatazwa," mkewe anamkumbusha, bila kugeuka. "Wewe hesabu."

"Tisini na mbili," anahesabu mzee. "Tisini na tatu."