Kaseti Yenye Doa Jekundu

Mdogo wangu aliimba katika bendi, na nyumba nzima tulimwonea haya. Hatukuwa na siku nyingi London tangu tutoke Unguja. Baba ana duka lake mtaa wa Thornton Heath, na binti yake anapanda jukwaani na wavulana watatu wa Kizungu! Na muziki wenyewe, loo! Ule muziki wa fujo wa punk ulikwisha poa, wao wakazua wao: gitaa linakwaruza, naye haimbi, analalama na kupiga ukelele.

"Hiyo ndiyo nyimbo?" nilimuuliza.

"Kwani wewe jino likikuuma unalia kwa mahadhi?"

Nilimcheka. Bendi ikavunjika kabla ya kutoa santuri hata moja, na miaka michache baadaye maradhi yakamchukua, hajatimiza thelathini.

Sasa mimi ni mtu mzima wa Stanmore, hapa hapa London, magoti yananiuma. Juzi juzi alinijia msichana anayeandika kitabu. Waimbaji wa leo, alisema, wanamtaja mdogo wangu kama mwalimu wao, na kumsikia hawajawahi, wamesimuliwa tu. Bendi ilirekodi kaseti moja tu, akakaa nayo mdogo wangu. Mpiga gitaa anaikumbuka: haikuandikwa kitu juu yake, ina doa jekundu la rangi ya kucha.

Nikaahidi kuitafuta. Sikumfanyia mdogo wangu jema lolote katika uimbaji wake, basi angalau hili. Nilipekua nyumba siku tatu. Mwisho nikafungua bati la biskuti la bibi.

Bibi yetu alibaki Unguja, na kusoma hakujua. Kwa hivyo barua zetu zilikuwa kaseti. Jumapili tulikaa sebuleni tukamsalimu kwa zamu, baba kwanza, kisha mama, kisha sisi, na mimi ndiye fundi wa kubonyeza. Kaseti mpya ikikosekana, nilichukua yoyote isiyoandikwa nikarekodi juu yake. Bibi alipofariki, zote zilirudishwa kwetu ndani ya bati hilo.

Kaseti yenye doa jekundu ilikuwemo. Nikaitia kwenye mashine, nikasikia baba anakohoa, anauliza hali ya paa la bibi. Upande wa pili, mama na habari za harusi za watu. Wimbo hata mmoja hamna. Nilizifuta zote kwa mkono wangu mwenyewe, na maji yakimwagika hayazoleki.

Halafu, humo kwenye kaseti, nikamsikia mdogo wangu akiingia sebuleni.

"Dada, kaseti hiyo umeitoa wapi?"

"Kabatini, tupu hiyo," namjibu, tena kwa ukali. "Njoo umwamkie bibi, usitupotezee wakati."

Mama anamhimiza. Kisha mdogo wangu akasogea karibu na mashine, akasema taratibu, "Shikamoo, bibi. Mimi mzima."

Hakunambia kitu siku ile, wala mpaka anakufa. Laiti angenitukana.