Do Iliyogeuka Kicheko

Kompyuta yetu ya zamani ilipowaka ilileta picha ya kilima cha kijani na mawingu meupe juu yake. Baba alikuwa akiwaambia wageni kuwa hapo ni Matogoro hapa hapa, pamepigwa picha baada ya mvua, na wengi walikubali kwa sababu meza ilikuwa dirishani na mlima wenyewe ulionekana. Mimi nilijua si kweli ila nilinyamaza, maana uongo ule ulikuwa mtamu. Siku fundi aliponirudishia mashine ikiwa na mfumo mpya, kilima kimeondolewa na mahali pake pamepakwa zambarau isiyo na kichwa wala miguu, nilitamani kumwambia arudishe kila kitu kama alivyokikuta.

Lakini angerudisha nini? Mfumo wa zamani ulikuwa umeshachoka. Ungeweza kuuwasha, ukaenda kuchemsha chai, ukairudia meza na bado haujafunguka. Fundi, mtu mzima mpole wa Tunduru mwenye kiduka karibu na soko, alinieleza kwamba waliouunda hawautunzi tena, na mashine yangu haina nguvu ya kubeba toleo lao jipya, kwa hiyo ameniwekea mfumo mwingine, wa bure na mwepesi. Mafaili yote yapo. Alisema ni kama kuhama nyumba, vyombo ni vilevile ila jiko liko upande mwingine. Mimi nimeshahama nyumba, najua mtu anavyoweza kutafuta chumvi wiki nzima ndani ya jiko lake mwenyewe, kwa hiyo maneno yake hayakunituliza.

Kilichonitia hofu hasa ni nyimbo za baba.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Alitunga nyimbo za misa na kuziandika kwa nota za herufi: d ni do, r ni re, m ni mi, na nukta mbili kati ya pigo na pigo. Sauti nne huandikwa mstari chini ya mstari, na herufi zinazoimbwa kwa pamoja lazima zisimame kwenye safu moja, la sivyo kila mtu anashika njia yake. Parokia ilipopata kompyuta mpya, ile ya zamani ilikuja kwetu, na Jumapili mchana, tukishakula, tulikaa watatu mbele yake. Baba kushoto anaimba mstari, mimi katikati nabonyeza kwa vidole viwili, mama kulia na ungo wa maharage mapajani. Mama alikuwa sauti ya kwanza. Nikimaliza mstari anauimba akiutazama kwenye kioo, mikono ikiendelea kuchambua, na akikunja uso tunajua nimekosea. Wimbo ambao mama hajauimba haukutoka nyumbani. Enzi hizo nilinung'unika sana, nikitaka kwenda mjini na wenzangu. Sasa nikizikumbuka Jumapili zile moyo unaniuma, kwa sababu nilikuwa nimekaa mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kukaa, na sikujua.

Mama alitutangulia. Baadaye masikio ya baba yakaanza kuondoka, kwanza ndege, kisha kengele ya kanisa, kisha sisi. Vifaa vya kuvaa masikioni vilikuwa vikimpigia mluzi, akavifungia kabatini. Siku hizi anasoma midomo kidogo, na yale yasiyosomeka namwandikia kwa herufi kubwa nyuma ya karatasi yoyote iliyo karibu. Asubuhi akiniona nafungua mdomo tu anajibu marahaba, hata kama nilikuwa napiga miayo.

Ila nota alizisikia. Alinieleza mwenyewe, kwa aibu kidogo, kwamba akipewa karatasi ya nota na kuachwa peke yake, sauti zote nne zinaimba kichwani mwake, kila moja na watu wake. Ndiyo kwaya pekee aliyobakiwa nayo. Nakala za mkono alikuwa ameziazimisha kwa kwaya za huku na huku hadi Lusewa na hazikurudi, na chache zilizobaki mchwa walizifanyia karamu. Nyimbo zilikuwa ndani ya mashine tu. Na baba alikuwa ameniomba mmoja, wimbo wa shukrani baada ya komunyo, ule aliomtungia mama aongoze. Alitaka kuusikia.

Basi nikakaa na mfumo mpya. Uliniuliza nataka lugha gani, na kwa majivuno yangu nikachagua Kiswahili. Nilijuta hapo hapo. Miaka yote kompyuta nimeijua kwa Kiingereza cha kukariri, sevu, kopi, pesti, na sasa naambiwa hifadhi, nakili, bandika. Nyumbani kwetu kinachobandikwa ni sufuria. Nilipoona neno kabrasha nilidhani kuna ugomvi umetokea humo ndani, kumbe ni pale mafaili yanapokaa. Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika peke yangu. Mtu mzima, Kiswahili nimekisema tangu utoto, halafu nashindwa na Kiswahili. Hata mahali pa kuzimia mashine palikuwa pamehama, kutoka chini kwenda juu, na mkono wangu uliendelea kwenda chini kama ng'ombe anayerudi zizi la zamani.

Hatimaye niliuona wimbo kwenye kabrasha lake, nikaufungua, nikauchapa bila kuuangalia vizuri, maana furaha ilinizidi. Baba alikuwa nje anaota jua, ilikuwa miezi ya baridi. Alipokea karatasi kwa mikono miwili, akaanza kupiga mapigo kwa kidole juu ya goti. Kidole kikasimama. Akarudi mwanzo, akaanza tena, kikasimama tena.

"Nani kaifundisha kwaya hii?" aliuliza.

Nilidhani ananitania. Akasema besi wanakimbia, sauti ya pili wameachwa njiani, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Alijaribu mara nyingine, midomo ikicheza. Kisha akaiweka karatasi chini, akajigusa paji la uso.

"Basi. Hata huku kumekwisha."

Nilimwambia hapana, lakini hakuwa akinitazama mdomoni. Aliingia ndani akalala, na dagaa wa Nyasa niliowakaanga, ambao kwa kawaida haachi hata kichwa, aliwaacha.

Nikaiokota karatasi. Sikuwa na haja ya kuimba ili kuona tatizo, safu zote zilikuwa zimevunjika. Nilimpigia fundi, nikamsomea herufi moja moja kwa ukali ambao hakustahili, naye kwa upole wake ule ule akaniuliza wimbo uliandikwa kwa herufi za aina gani. Hapo ndipo nilipokumbuka. Baba alijifunza kuchapa kwa mashine ya taipu, na kwenye kompyuta alitaka herufi za taipu tu, zile ambazo kila moja inachukua nafasi sawa na mwenzake. Mfumo mpya haukuwa nazo, ukauvisha wimbo herufi nyingine, ambazo m ni nene na l ni nyembamba, na kila m ilikuwa inasukuma wenzake mbele. Kwaya haikuwa imekosea, wala baba. Nilimwandikia yote hayo kwa herufi kubwa. Alisoma, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa pole msibani, na nikajua hajaniamini.

Nikaona dawa ni kuuandika upya, taratibu, nikizipanga safu mwenyewe. Niliweka nukta mbili, nikabonyeza d. Ikatokea sura ya njano, duara, inacheka meno yote nje. Nikaifuta, nikaandika tena, ikacheka tena. Programu ilifikiri namtumia rafiki salamu. Kila nukta mbili zilipokutana na do, sura ikazaliwa, na mstari wa kwanza wa wimbo wa shukrani ukawa umejaa watu wanaochekelea wakati wa komunyo. Nilitoa neno ambalo siwezi kuliandika hapa, nikishukuru kwamba baba hasikii.

Hasikii, lakini alikuwa amesimama nyuma yangu, amefuata sweta lake. Aliinama, akaigusa ile sura kwa kidole.

Aliniuliza ni nini. Nikageuka ili auone mdomo wangu, nikasema do. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akakitazama kioo tena. Halafu alicheka. Sikuwa nimemwona akicheka namna ile tangu mama aondoke, mpaka akashika mgongo wa kiti changu asianguke. Alihesabu sura kwa kidole, moja moja, akiziimba zote do. Alipotulia alikuwa ananitazama kwa macho mengine.

"Kumbe siyo mimi," alisema. "Ni hii ndiyo haijui kuimba."

Maandishi yangu makubwa yote yalikuwa yameshindwa kumwambia hivyo. Nilitaka kulia, na nililia kidogo, naye akajifanya anatafuta miwani.

Akavuta kiti, akakaa kushoto. Kwa simu fundi alinielekeza mahali pa kuondoa tiki ili mashine iache kunisahihisha, na namna ya kuzipata herufi za taipu na kuziingiza ndani, yaani kuzisakinisha, neno ambalo sasa nalijua na silipendi. Tukaanza. Baba aliimba mstari, mimi nikabonyeza. Sauti yake ilipotea njia, kwa kuwa hajisikii, do ikapanda mahali pa kushuka, na nilijifunza kufuata majina ya nota na kuziba masikio yangu kwa yale mengine. Jirani alichungulia kuona kama kuna mtu anaumwa. Tulifanya kazi hivyo mchana wote, na kwa mara ya kwanza mfumo ule mpya niliuona kuwa wetu.

Wimbo ulipokamilika nilizikagua safu kwa rula ya plastiki, ndipo nikauchapa. Baba akatoka nao nje kwenye jua. Mimi nilisimama kando yake ili nimgeuzie ukurasa, mikono yake hutetemeka kidogo siku hizi. Kidole kilianza kupiga juu ya goti. Hakikusimama. Niliona kichwa chake kikielekea upande wa besi, kisha upande wa sauti ya pili, kama alivyokuwa akifanya kanisani kuwaingiza.

Mwisho wa ukurasa, kwenye so ya sauti ya kwanza, kidole kikabaki hewani.

Nilichungulia haraka. Safu zilikuwa zimenyooka. So ile imeandikwa pigo moja tu, na pigo moja lilishapita. Lakini mama hakuwahi kuipa pigo moja. Kila Jumapili aliivuta kadiri pumzi yake ilivyomruhusu, kwaya nzima ikimngoja, baba mbele yao mkono juu asiweze kuushusha, na njia nzima ya kurudi nyumbani wakawa wanagombana juu ya so hiyo. Nikashika kona ya karatasi ili nigeuze. Baba akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Subiri," alisema. "Hajamaliza."