Siku Tuliyoushibisha Mto

Baba mkwe wangu alikuwa na kinu cha maji pale Kamukuywa, lakini aliyekipenda kwa dhati ni mimi. Kabla yake nilikuwa nikisaga kwa jiwe, nimepiga magoti tangu alfajiri, mgongo ukiniuma kama wa kikongwe. Kinu kilipoanza kuzunguka nilimshukuru Mungu, nikalala mpaka jua litoke.

Basi setla mmoja wa upande wa Kitale akataka kuchimba mfereji apeleke maji ya mto shambani kwake. Serikali, kwa ile haki yake tunayoijua, ikasema atapewa yatakayobaki baada ya sisi kutumia. Ikamtuma Mzungu wa kupima.

Ungedhani anakuja kuposa. Wanaume walifyeka ukingo, wakang'oa matete, na baba mkwe akaamuru mfereji wa kinu uzibwe, ili maji yote yarudi mtoni, mto uonekane umenona. Nilimwambia kwa adabu zote kwamba mpimaji ataona maji mengi na kinu kisichotumia hata tone. Akanitazama kama aliyesikia kuku akihutubu.

"Mgeni haonyeshwi chungu kitupu," akasema.

Haya, mgeni akaja. Akavuta kamba kupima upana, akachovya mti wenye alama kupima kina, halafu akatupa chungwa majini na kulifuata mbio ukingoni, saa mkononi, apate mwendo. Upana mara kina mara mwendo, basi, na hayo ndiyo aliyosomea ng'ambo. Chungwa lilipopita kasi, wazee wetu walitikisa vichwa kwa fahari, ati wao ndio wanaolisukuma. Mwishowe akauchungulia mfereji wa kinu, mkavu kabisa, akaandika.

Jibu lilirudi kwamba maji ni tele na yanayobaki ni mengi mno. Setla akachimba. Kiangazi kilipofika, gurudumu la kinu likasimama, ndege wakajenga humo. Hasira niliyokuwa nayo, wacha tu.

Lakini baba mkwe hakuchoka kusimulia. Kila aliyepita kwetu aliambiwa kwamba hata Mzungu mwenyewe alikiri mto wetu ni mkubwa. Siku moja alimsimulia hivyo mgeni wa heshima aliyetoka mbali, wote wawili wakingoja ugali. Ugali ukachelewa. Mgeni akachungulia jikoni, akaona chungu kitupu, na mimi kando yake nimepiga magoti, nasaga.