Kona ya Mama Upawa

Mama Upawa alipikia shule moja kwa miaka thelathini na miwili: uji wa asubuhi na chakula cha mchana, watoto mia sita, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona ameketi anakula. Alikula wima kando ya karo la kuoshea vyombo, sahani mkononi, chakula kimeshapoa, jicho liko kwenye foleni asije mtoto akapunjwa. Jina hilo la Upawa walimpa wanafunzi. Alijifanya linamuudhi, lakini ukimwita hivyo sokoni aligeuka kwa tabasamu.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Ukimwambia kaa ule, anakujibu, "Nakuja," na hiyo nakuja yake haikuwahi kufika. Mumewe alikuwa fundi makochi, na nusu ya mji ilikalia kazi ya mikono yake. Sasa fikiria mtu kama huyo, mke wake mwenyewe hakai! Mbele za watu Fundi alilifanya jambo la kuchekesha. Moyoni lilimuuma.

Basi mama alipostaafu, Fundi akanunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, akaligeuza nyumba. Akaweka kitanda, jiko la gesi, mapazia, meza, na benchi la kuizunguka meza pande tatu. Wangezunguka wiki mbili kwa marafiki waliotawanyika huku na huko, na kila watakapofika wale chakula cha hapo, kilichopikwa na wengine. Alikuwa na lake jingine ambalo hakumwambia mtu. Kabla gari halijarudi nyumbani, alitaka amwone mkewe amekaa, anakula sahani ya moto toka mwanzo mpaka mwisho. Mara moja tu.

Kwenye vipimo ndipo alipoboronga. Alipima nafasi kati ya benchi na meza mbao zikiwa tupu, ikatosha vizuri. Halafu akaukumbuka mgongo wa mama unavyomsumbua, akaongeza sponji kwenye kona yake. Kesho yake akaongeza nyingine. Matokeo yake, anayekaa kwenye kona ile meza inamkaba tumbo, na hatoki mpaka wa pembeni anyanyuke kwanza.

"Miaka arobaini unapima makochi ya watu," mama alisema, akicheka mpaka akajifuta machozi, "la kwako ukasahau sponji! Hapo sikai, baba. Utanitoa na msumeno?"

Akajichagulia ndoo ya maji yenye mfuniko, pale karibu na mlango.

Walianzia kwa mwalimu wa hesabu wa ile shule, ambaye sasa alikuwa akiishi kando ya mto. Mke wa mwalimu aliwakaangia samaki waliovuliwa asubuhi ile, ngozi kavu, nyama nyeupe inayoachia mifupa yenyewe. Fundi alikula watatu bila aibu. Mama alimega kipande kimoja, akasema anasikia kitu kinaungua jikoni. Hakukuwa na kitu kinachoungua. Alirudi baada ya nusu saa amevaa aproni ya mwenyeji, sufuria zote zinang'aa.

"Dada," mwalimu akamuuliza, "umekuja kututembelea au kutukagua?"

Kituo cha pili kilikuwa milimani, kwa aliyekuwa dereva wa lori la shule, mseja wa maisha. Huyu aliwachomea viazi kwenye majivu na kuwapakia siagi aliyoitengeneza mwenyewe, ile ya manjano yenye harufu ya nyasi. Lakini jiko la mseja mnalijua. Mama aliliona tu, mikono ikamwasha. Fundi alipofika kiazi cha nne, mkewe alikuwa anapanga upya makopo ya dereva, ya chumvi huku, ya majani ya chai kule. Viazi vyake vilibaki mezani mpaka siagi ikaganda juu. Fundi aliitazama ile siagi, akanywea.

Njiani mama akamuuliza, "Mbona umenuna?"

"Sijanuna. Naendesha."

"Unaendesha umenuna."

"Nataka ule, mama."

"Kwani sili?"

"Unaonja."

Mama akageukia dirishani.

Wa mwisho alikuwa shoga yake, msaidizi wake wa jikoni kwa miaka ishirini. Walimkuta uani, anapika kwenye mafiga ya mawe matatu. Jikoni kwake sakafu ilikuwa imemwagwa saruji asubuhi ile, na hakuna kukanyaga mpaka kesho. Akamwangalia mama, akaliangalia gari, akachungulia ndani na kuiona ile kona.

"Hapa ndipo tutakapolia chakula," akasema. "Ingia, dada. Ingia ndani kabisa."

Kabla mama hajapata la kusema, alikuwa konani, na shoga yake amejaa pembeni kama mlango.

"Chumvi!" mama akasema. "Nyanyuka nikachukue chumvi."

"Shemeji ataleta."

"Na vijiko?"

"Shemeji ana mikono miwili." Shoga hakutikisika. "Miaka ishirini nakufunikia sahani yako, na miaka ishirini naikuta baridi. Leo sinyanyuki hata nyumba ikiungua."

Mama akaisukuma meza. Fundi alikuwa ameikaza sakafuni kwa skrubu sita, na skrubu zake hazina utani. Akashika upawa, akampakulia mkewe supu ya kuku iliyojaa karoti na majani ya bustanini, ikifuka moshi. Yake akaiweka juu ya ndoo.

Mama akajaza kijiko, akakitia chote mdomoni kama alivyozoea.

"Ah! Inaunguza!"

"Ndiyo," shoga akamwambia. "Chakula huwa kinaunguza. Puliza."

Walicheka mpaka gari likayumba. Kisha mama akapuliza, akala. Alikula polepole, kichwa ameinamisha, na hakumtazama mtu. Alipomaliza alipangusa sahani kwa mkate, akaisukuma mbele ya mumewe.

"Niongeze," akasema. Macho yake yalikuwa yamelowa, na haukuwa moshi. "Halafu na wewe ukae ule. Yako inapoa hapo juu ya ndoo."

"Nakuja," Fundi akajibu, akatoka mbio kuifuata sufuria.